Kisogo cha Mama Mkwe

Kila jioni akirudi kutoka Mwanjelwa, Lusekelo alikuwa akisimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe na kukohoa. Hakuwa mgonjwa wa kifua. Alikohoa ili mama mkwe wake, Verediana, apate nafasi ya kujikokota na magongo yake hadi chumbani na kushusha pazia, maana mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na nyumba ile ya kupanga pale Soweto ya Mbeya, chumba na sebule, haikujengwa na mtu aliyewaza habari za wakwe. Akishasikia pazia limeshuka aliingia, akala akiwa ameupa mgongo mlango wa chumba, kisha akalala kwenye kochi, miguu ikining'inia. Jirani mmoja alimwuliza siku moja kama mji mzima wa Mbeya umekosa dawa ya kikohozi.

Msije mkadhani nawasimulia mambo ya wahenga. Mbeya ya leo ina simu kila mfuko na bajaji kila kona, lakini ukwe ni ukwe. Lusekelo ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na alikua akimwona mama yake akijitupa migombani, ndoo ya maji kichwani, kila alipomwona baba mkwe anakuja njiani. Maji yakimwagika, basi yamemwagika. Verediana naye, Mhehe wa Kalenga kule Iringa, alilelewa vivyo hivyo kwa upande wake. Kwa jambo hilo moja wawili hao walielewana kabisa, na sidhani kama kulikuwa na la pili.

Chanzo cha kutoelewana kilikuwa kichwa cha Lusekelo. Ana dredi zinazofika kiunoni, na kazi yake ni kuwaanzishia wengine dredi na kuzitunza, katika kibanda chake pale Mwanjelwa nyuma ya maduka ya nguo. Kazi hiyo hakuisomea popote. Aliijua kwa kuumia. Alipokuwa kijana alisikia kwamba dredi hushikwa na nta, akaenda kwa mjomba wake aliyekuwa na mizinga, akachota nta mbichi, asali ikiwa bado imo, akajipaka kichwa kizima. Asubuhi aliamka mto umekuwa mweusi kwa sisimizi. Walikuwa wamepanga foleni kutoka dirishani hadi masikioni mwake, na ile nta haikutoka kwa maji ya moto wala kwa sabuni ya unga. Alinyoa zote akaanza upya, safari hii kwa maji, vidole na subira, na tangu siku hiyo mteja akimtajia nta humwonyesha mlango kwa upole.

Ukimkuta kazini utampenda. Anagawa nywele kwa kitana chenye mkia, visanduku vidogo vilivyo sawa, anasokota kutoka kwenye shina kwenda nje, na mdomo wake haukai kimya. Anawahimiza wateja waoshe nywele, maana wapo wanaodhani dredi zinataka uchafu. Anawaambia wakaushe mpaka ndani, kwa kuwa Mbeya ya mwezi wa sita si Dar: ukiosha jioni utalala na maji kichwani, na baada ya wiki mbili utanuka kama gunia lililonyeshewa. Tena usikaze. Hilo hulirudia mpaka wateja wanalisema kabla yake. Shina la nywele likivutwa huhama, na likihama halirudi.

Basi kijana huyo ndiye aliyempenda Faustina, binti wa Kalenga anayeuza mchele sokoni, naye Faustina akampenda. Mshenga alipopeleka posa, Verediana aliomba aone picha. Aliitazama kwa muda, akairudisha kwa ncha za vidole, akasema, "Huyu akiingia kwangu, ng'ombe watakimbia." Kwamba ndoa ilifungwa ni kwa sababu Faustina alikuwa mbishi kuliko mama yake, na hilo si jambo dogo. Mtoto alizaliwa, wakamwita Goodness. Kila msimu bibi alimtumia mjukuu mahindi na maharage ya Kalenga. Baba wa mjukuu hakuwahi kutumiwa hata salamu. Lusekelo alilichekea jambo hilo mbele za watu, lakini lilimuuma, na mkewe alijua kwamba linamuuma.

Kisha Verediana akateleza kwenye matope, akavunjika nyonga. Alipata rufaa ya kuja hospitali mjini Mbeya, na huko alilazwa chali wiki baada ya wiki. Madaktari walifanya kazi yao vizuri, mfupa ukaunga. Nywele hazikuwa na daktari. Alipotoka na kuletwa Soweto ili apate nguvu za kusafiri, nywele zake za kisogoni zilikuwa zimeshikamana kipande kimoja, kama manyoya ya kondoo aliyelala kwenye matope. Faustina alijaribu kuzichana. Chanuo likavunjika meno mawili, na mama yake akauma kanga.

Kaka yake Faustina, Ambrosi, mkulima wa nyanya kule Kalenga, alipopigiwa simu hakufikiri mara mbili. Ni mtu mwema Ambrosi, anampenda mama yake, ila ni mwepesi wa kuhukumu.

"Zinyolewe," alisema. "Jumamosi nakuja na mashine, namnyoa mwenyewe. Mama hawezi kurudi kigangoni na kichwa kama hicho. Watu watasema shemeji kamfundisha kuvuta bangi."

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, na Verediana alikuwa nyuma ya pazia. Simu ikakatwa. Halafu Verediana akasema, kwa sauti ndogo ambayo Lusekelo hakuwahi kuisikia kwake:

"Mimi nimenyolewa mara mbili. Alipokufa mwanangu wa kwanza, wakaninyoa. Alipokufa baba yenu, wakaninyoa. Wembe ukipita kichwani kwangu, najua kuna mtu nimetoka kumzika. Sasa hii ya Jumamosi namzika nani? Nyonga?"

Lusekelo, kwenye kochi, aliweka chini kijiko chake. Alimwelewa mama huyo kuliko alivyowahi kumwelewa mtu, na mila haikumruhusu hata kumwambia pole ana kwa ana.

Ilibidi iwepo njia ya kusema, na njia ya wakwe siku zote ni mtu wa tatu. Akamwita mkewe kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani. "Mama Goodness, mwambie mama, zile nywele hazijaharibika. Zimejianza zenyewe. Kule kibandani watu wanakaa kitako siku nzima ili wafike pale alipofika yeye kwa kulala tu. Zikigawanywa vizuri zinakuwa dredi, na hazihitaji wembe."

Usiku ukapita. Asubuhi, Lusekelo akifunga kamba za viatu, sauti ilitoka ndani.

"Faustina, mwulize mumeo. Hizo dredi mtu akizeeka nazo, zinaoza?"

"Mwambie zikikaushwa haziozi."

"Mwulize, mtu anaweza kuzifunika kwa kitambaa kanisani?"

"Mwambie anaweza, ila kitambaa kiwe laini, sufu inanyofoa."

"Amesikia, mama," alisema Faustina, aliyekuwa amesimama katikati na mtoto mgongoni, amechoka kuwa waya wa simu. "Wote mmesikiana. Mnataka nini tena?"

Verediana alitaka dredi. Hakulitamka neno lenyewe, alisema, "Haya, fanyeni." Lakini nani wa kufanya? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Lusekelo ndiye fundi, na Lusekelo hawezi kugusa kichwa cha mama mkwe. Kumwalika fundi mwingine kutoka mjini ni kumleta mtu wa nta. Faustina akataka angalau ampige mama picha kwa simu ili mumewe aone hali ilivyo. Lusekelo akageuza uso ukutani. "Picha nayo ni kichwa," alisema. Basi wakakubaliana kwamba Faustina atakuwa mikono na Lusekelo atakuwa mdomo, na katikati pazia.

Walianza siku hiyohiyo jua lilipochomoza vizuri. Lusekelo alifunga kibanda, akaketi sebuleni akilitazama pazia lenye maua ya zambarau, akaelekeza. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu. Mafuta ya nazi kidogo, si ya kukaangia mayai. Tafuta ngozi kwanza kwa ncha za vidole, uigawe toka chini, mpasuko mmoja hadi mwingine, usivute kipande, kiachie kije chenyewe. Faustina alijibu "ndiyo" na "tayari" na mara nyingine "hebu subiri, wewe huoni ninachokiona." Kipande kikubwa kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Walimaliza kisogo siku ya kwanza, mbele na pembeni siku ya pili, na Verediana hakulalamika hata mara moja. Lusekelo alifurahi. Alijisifu moyoni kwamba ukimya ule ni wa mtu aliyeridhika.

Hapo alikosea, na mtu wa kwao angepaswa kujua. Mama mkwe halii mbele ya mkwe. Angevunjika nyonga ya pili, asingesema.

Ijumaa Verediana hakula. Alisema hana njaa. Faustina akamwambia mumewe, kwa fahari kabisa, "Nywele zimekaa, yaani hazitikisiki."

"Hazitikisiki?"

"Nimekaza. Nimekaza hasa."

Lusekelo akamtazama mkewe mikono. Ile ni mikono ya kufunga magunia ya mchele. Faustina akilifunga gunia Mwanjelwa, linafika Tunduma bila kudondosha punje.

"Ana vipele kwenye paji la uso? Vidogo vyeupe?"

"Anavyo. Nilidhani vya joto."

"Joto gani, Mama Goodness, mwezi wa sita Mbeya?"

Alikaa chini kwenye kizingiti akashika kichwa. Alijua kinachofuata. Vipele vitaiva, shina zitaachia, na nywele zitatoka na mizizi yake, mbele kwanza. Jumamosi Ambrosi atafika, ataona usaha, atasema mnaona sasa, na safari hiyo hakuna wa kumbishia. Mama atanyolewa, tena kwa sababu ya maneno ya mkwe ambaye yeye alimpinga tangu siku ya picha. Hakuwahi kuogopa jambo kama alivyoliogopa hilo.

"Kalegeze," alimwambia mkewe. "Moja moja. Unaishika shinani, unaizungusha kinyume kidogo, unasikia inapumua, unaacha."

Faustina alijaribu. Lakini mkono uliozoea kukaza haujui mahali pa kuishia unapofungua, na sasa ulikuwa na hofu pia. Aligusa ya kwanza, mama akavuta pumzi. Aligusa ya pili, na Verediana, kwa mara ya kwanza, akaguna. Faustina akatoka pale chumbani analia.

"Siwezi. Namwumiza. Njoo mwenyewe."

"Siwezi kuja."

"Basi anyolewe."

Walilala hivyo, kila mmoja na lake. Jumamosi asubuhi Ambrosi alipiga simu kusema ameshapanda basi Iringa na mashine ameibeba. Sebuleni mtoto alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Faustina, nimewaza usiku kucha. Bibi yangu alinifundisha ukwe mimi mwenyewe, kabla sijaota matiti. Alisema, usimtazame mkwe usoni. Usile naye sahani moja. Usitaje jina lake. Jina la huyu sijalitaja, sahani yake sijaigusa, na uso wake nimeuona kwenye picha tu, na hiyo Mungu anisamehe. Kisogo bibi hakukitaja. Ninamkumbuka vizuri, alikuwa mtu wa kutaja kila kitu. Kisogo hakukitaja."

Faustina alitazama pazia, akamtazama mumewe.

"Niletee kigoda," Verediana aliendelea, "na ile kanga yangu kubwa."

Magongo yakasikika. Lusekelo aligeukia ukuta haraka, macho ameyafumba kama mtoto anayecheza kibe. Kigoda kikaburuzwa, mtu akaketi kwa shida. Mkewe alipomgusa bega na kusema "geuka," aligeuka taratibu, na mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu aoe, aliketi mama mkwe wake: mgongo mwembamba ndani ya sweta la kijivu, uso wote umefunikwa kanga mpaka kidevuni, na kisogo wazi.

Alinawa mikono mara ya pili ingawa ilikuwa safi. Akaketi kwenye kochi nyuma yake, akapasha mafuta kwenye viganja. Vidole vyake vilikuwa vimeshashika vichwa vya nusu ya vijana wa Mbeya, lakini kamwe si cha mama mkwe. Akashika dredi ya kwanza shinani, akaizungusha kinyume, akasikia ngozi ikilegea chini ya kidole. Akaiacha. Akashika ya pili.

Mdomo wake wa kibandani ulikuwa umefungwa. Alisafisha vipele kwa maji ya chumvi yaliyopoa, akaweka utomvu wa mshubiri, akapita safu moja hadi nyingine. Kichwa kile kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Chenye maneno makali vile, alikitegemea kiwe kikubwa. Nywele za juu zilikuwa nyeupe, laini, na alizishika kama alivyowahi kuzishika za mama yake mwenyewe mara moja tu, siku walipomtayarisha kwa mazishi. Alipolikumbuka hilo machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta.

Katikati ya safu za pembeni alihisi uzito. Kichwa kilikuwa kinainama nyuma, kidogo kidogo, kinashtuka, kinainama tena, mpaka kikatua kwenye goti lake na kutulia. Mama huyo hakuwa amefumba jicho tangu Alhamisi. Chini ya kanga pumzi zilianza kwenda na kurudi, kisha zikawa mkoromo mdogo, wa adabu. Lusekelo aliendelea kwa mkono mmoja upande uliobaki wazi. Mguu ulipoanza kufa ganzi hakuusogeza.

Ambrosi aliingia bila kungoja kukaribishwa, kofia ya sufu kichwani, mfuko wa mashine mkononi. Alimwona dada yake amesimama na kidole mdomoni. Akaona goti. Akaona kichwa cha mama yake juu ya goti la mkwe. Mfuko ukashuka taratibu mpaka sakafuni.

"Shemeji," alianza, "hii sasa ni nini?"

Mkoromo ulikatika. Verediana hakuinua kichwa wala hakuifunua kanga.

"Ambrosi, umefika salama? Kaa. Hajamaliza."

Ambrosi akakaa. Dada yake alimletea chai. Aliinywa akitazama vile vidole vikipita, na polepole uso wake ukaacha ukali, maana hata asiyejua kazi hujua anapotazama kazi. Mwishoni aliinama karibu akazigusa moja mbili kwa kidole. "Mbona ziko safi," alisema, kama mtu aliyetapeliwa. Mashine nayo haikusafiri bure. Faustina, aliyekuwa na hasira za siku tatu, alimkalisha kaka yake uani akamnyoa yeye, na upara aliokuwa anauficha chini ya kofia ukajulikana Soweto nzima.

Vipele vilikauka. Nyonga ikapata nguvu. Verediana alirudi Kalenga akiwa na kitambaa cha hariri kichwani, na Jumapili ya kwanza wanawake wa kigango walimzunguka kumpa pole, kila mmoja akichungulia. Mmoja alipata ujasiri wa kuuliza ni nani aliyemfanyia mambo hayo uzeeni. Verediana alimjibu, "Mwanangu wa Mbeya," akaingia kanisani.

Dredi zinataka kutazamwa, nywele mpya zikiota shina hulegea, kwa hiyo kila baada ya miezi michache Lusekelo hupanda basi hadi Iringa, halafu bodaboda mpaka Kalenga, kitana na chupa ya mafuta mfukoni. Ng'ombe hawajakimbia. Mpaka leo mama mkwe wake hajawahi kumtazama usoni, wala kula naye, wala kulitaja jina lake, na akienda kinyume cha hayo nadhani Lusekelo ndiye atakayetoroka. Lakini pikipiki ikisikika kule barabarani, Verediana huacha alichokuwa anafanya. Hutoa kigoda barazani, hukigeuza kitazame ukuta, huketi, hujifunika kanga mpaka kidevuni, na kukiacha kisogo wazi.